Tairi Nililopima kwa Kamba

Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, mkazi wa Mbeya. Nilizaa watoto wawili, nimebaki na mmoja. Shule niliishia darasa la nne. Sihitaji pole ya mtu. Nataka msome, halafu mshike.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa magari wa kampuni ya Wazungu waliojenga barabara. Walipoondoka, bosi wake akamwachia gari lake la Kimarekani, la zamani, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane. Likiwashwa, vikombe vinatetemeka kabatini! Mtaani wakaliita Ngurumo. Mume wangu alimwahidi binti yetu Tumaini kwamba siku ya ndoa yake ataingia kanisani kwa Ngurumo, si kwa gari jingine.

Alikufa kabla ya siku hiyo. Ahadi ikabaki kwa mwanangu Elia, fundi kama baba yake. Tumaini alipochumbiwa, Elia akalifufua gari lile. Kila kitu alipata, kasoro rimu na matairi. Rimu za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, na saizi ile hapa nchini haikuwepo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakwenda Guangzhou kuchukua nguo, mimi na Mama Upendo, mwenzangu wa kwaya. Kule tulikodi chumba kimoja mtaa wa Huanshi Zhonglu, tukapika ugali sufuria moja, tukajaza kontena moja. Mmoja akiondoka, mwingine anabaki kumpakilia. Nani utamwachia mzigo wako ugenini kama si ndugu yako?

Kwenye soko la jumla la Shahe tulikuwa na sheria yetu: nguo ya Mchina, ongeza saizi. Safari ya kwanza tulileta suruali zilizoandikwa kubwa kabisa, zikawakaa watoto wa shule. Mama Upendo alijaribu kuvaa moja, ikakwama magotini.

"Mama Elia, hii si suruali. Hii ni soksi!"

Tulicheka hadi machozi. Laiti ningejua kicheko kile kitanigeukia...

Elia alinifundisha kuhusu tairi kama mtoto wa chekechea. Akanichorea rimu kwenye boksi, na matundu matano ya boliti. Akanikatia kamba ya upana wa tairi.

"Mama, usizidishe. Tairi likiwa pana mno, gari tupu halitagusa kitu. Likijaa watu, bodi inashuka. Ukikata kona, tairi linakwangua madigadi. Likikwangua, litachanika."

Nikayashika maneno yake. Guangzhou nilizunguka mitaa ya vipuri mpaka miguu ikavimba. Kila duka, "meiyo, meiyo"... hakuna! Mwisho nikampata laobani mmoja, ndivyo tulivyowaita wenye maduka, mama mnene mcheshi. Nikaweka boksi langu juu ya rimu, matundu yakakutana. Nikapima tairi kwa kamba. Sawasawa! Akanionyesha jingine pana, linang'aa, akainua dole gumba. Nikakataa. Nikaipiga kamba yangu juu ya meza. Akacheka, akaagiza yote manne kutoka stoo yao ya mbali.

Viza yangu ilikuwa inaisha. Nikamwachia Mama Upendo kamba ile, apokee rimu na matairi na kuyapakia.

Nikiwa nyumbani nilimpigia simu.

"Matairi yamekuja?"

"Yamekuja, dada."

"Ni yale niliyopima?"

"Yale yale! Wewe nawe, unahoji kama polisi."

Basi. Moyo wangu ukatulia. Kabla kontena halijafika, nikarudi Guangzhou kumchukulia Tumaini gauni. Elia ndiye aliyekwenda kupokea mzigo bandarini. Tumaini ameniambia baadaye kwamba Elia aliyaona matairi ni mapana kuliko alivyotarajia. Akakuna kichwa. Akasema, "Mama amepima mwenyewe. Mama hakosei." Akakunja kingo za madigadi kwa nyundo, akalizungusha gari peke yake, halikugusa kitu. Akaliosha, akalipaka nta.

Aliniamini mimi. Na mimi nilimwamini nani?

Ikafika Jumapili ya kutangazwa ndoa kanisani. Kule Guangzhou ilikuwa jioni. Gauni limelala kitandani. Mama Upendo anapiga pasi shela, huku anaimba wimbo wetu wa kwaya. Simu ya chumbani ikalia. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu.

"Shemeji, kaa chini."

Nikamwambia aseme nikiwa nimesimama.

Elia alimpakia Tumaini na shangazi zake, gari limejaa, wanashuka mteremko kuelekea kanisani. Kwenye kona tairi la mbele likapasuka. Ngurumo ikapinduka. Tumaini na shangazi zake wako hospitali. Elia... Elia wangu hakufika hospitali.

"Mafundi wamekagua," shemeji akasema, analia. "Tairi limekwangua madigadi mpaka likachanika. Shemeji, lilikuwa pana mno."

"Haiwezekani! Nilipima kwa kamba!"

Hapo nikasikia harufu ya kuungua. Nikageuka. Mama Upendo alikuwa ameacha kuimba. Pasi imesimama juu ya shela, moshi unapanda, naye anaitazama kama haioni.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Mama Elia... niliongeza saizi moja tu."

"Nini?"

"Laobani alileta membamba. Nikasema, haya ya Kichina, yakifika nyumbani yatakuwa madogo kama zile suruali. Nikayabadilisha. Nilitaka kijana wetu apendeze!"

"Nilikuuliza kwenye simu."

"Niliogopa utaniambia nirudishe. Kontena lilikuwa linafungwa kesho yake. Nisamehe, dada yangu!"

Sikumpiga. Sikupiga kelele. Nilichomoa pasi ukutani, nikafungasha gauni lisilo na shela. Ndege niliyopata haikuwahi mazishi. Nilikuta udongo tayari umekauka.

Tumaini alivunjika nyonga. Aliolewa mwaka uliofuata, akaingia kanisani kwa magongo, baada ya kushuka kwenye pikapu ya baba yake mdogo. Watu walipiga vigelegele. Mimi, nyuma ya vigelegele, nilikuwa nasikiliza tairi linalokwangua. Mpaka leo nasikiliza. Mtu akivuta kiti sakafuni, jembe likigusa jiwe, natoka nje mbio kutazama barabarani. Majirani wamezoea. Wajukuu wameniona nikisimama getini kwenye mvua, wakaniuliza bibi unamngoja nani. Nitawajibu nini?

Wengi wameniambia Mama Upendo alikosea kwa upendo. Sawa, sikatai. Kuongeza saizi ni kosa la mfanyabiashara yeyote wa nguo, hata mimi ningeweza. Lakini neno alilonijibu kwenye simu halikuwa kosa. Alilijua ni uongo wakati linatoka mdomoni. Siku hiyo matairi yalikuwa bado hayajavuka bahari. Angesema kweli, Elia angeyaacha, angetafuta mengine, hata harusi ingesogezwa mbele!

Mwezi uliopita alikuja kwangu, ameshika fimbo, macho hayaoni vizuri. Akaomba nimwambie neno moja tu la msamaha kabla hajafa.

Nilimwambia, "Kunywa chai, inapoa."

Akanywa. Nikamsindikiza mpaka getini, nikamshika mkono asijikwae. Neno lenyewe sina. Nimelitafuta kwenye maombi, kwa mchungaji, sijalipata. Mnisaidie kuomba, maana na mimi sitaki kufa kabla sijalitamka.

Ninyi mnaosafiri, mnaopakiliana mizigo, mnaotumwa na wazazi na watoto wenu, nawaomba: kitu cha mtu kilete kama alivyokuagiza. Na kama umekibadilisha, sema. Sema siku hiyo hiyo, hata kama utatukanwa, hata kama kontena limeshafungwa. Aibu inapona. Mwanangu hakupona.