B Iliyojificha Nyuma ya C

Kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, Mwihaki na Lornah walinyoana nyusi. Walikuwa wasusi katika Soko la Kenyatta, na wembe wao ulikuwa mmoja. Lornah alimnyoa Mwihaki kwanza. Kisha Mwihaki akaupangusa wembe kwa spiriti, akamshika Lornah kidevu.

"Polepole, Mama Norman," Lornah alisema. "Jana ulinikata. Bwana wangu akauliza nimepigana na nani."

"Na wewe uache kucheka basi!"

Simu ya Mwihaki ikalia. Alikuwa Daktari Nzula. Alimtaka hospitalini siku hiyo hiyo.

Mwihaki aliuweka wembe chini, akaondoka akijikokota. Siku hizi alichoka hata kabla ya kazi kuanza. Mwezi uliopita aliambiwa ana homa ya ini aina ya C. Kipimo cha aina ya B kilisema hana. Alimshukuru Mungu, maana B ndiyo iliyomuua jirani yao kule Kinoo. Akajiambia kwamba C, kwa kuwa ni ya tatu, lazima ni nyepesi. Hakumweleza mtu ila mumewe, Kinyanjui.

"Keti, mama," daktari alisema. "Ini lako linaumia kuliko nilivyotarajia. Nilipeleka damu yako kwenye maabara kubwa. Una B pia."

"Lakini mlisema sina!"

"Kipimo cha kawaida hakikuiona. Mtu mwenye C anaweza kuwa na B kidogo sana, imejificha ndani ya ini. C huikandamiza, lakini haiiondoi."

"Sasa nitakufa?"

"Dawa zipo. Tutazichunga zote mbili pamoja, kwa sababu tukitibu C na kuisahau B, B inaweza kuamka. Pombe usiguse. Dawa za mitishamba pia usinywe bila kuniuliza."

"Na watoto? Tunakula pamoja."

"Sahani, vikombe, kukumbatiana, hayo hayana shida. Magonjwa haya hupitia kwenye damu. B hupitia pia katika tendo la ndoa, na mama anaweza kumwambukiza mtoto anapojifungua. Walete wote tuwapime. Asiye na B tutamchanja. C haina chanjo. Kila mtu awe na wembe wake na mswaki wake."

Mwihaki akatazama mikono yake. "Na ukiupangusa wembe kwa spiriti?"

"Haitoshi, mama."

Wiki hiyo Kinyanjui na watoto, Norman na Cate, walipimwa. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa. Wakaanza chanjo. Kinyanjui alilalamikia sindano kuliko watoto, hata Cate akamcheka. Mwihaki naye akaanza dawa. Usiku wa kwanza alilala usingizi mzito, ingawa uchovu haukuisha.

Kazini akaleta nyembe mpya. Kila mteja alipata wake, kisha ukatupwa ndani ya mkebe. Wateja walifurahi. Lakini asubuhi, Lornah alipomletea uso, Mwihaki alisema macho yanamuuma. Kesho yake akasema ana haraka. Aliogopa. Soko lina masikio. Nani ataleta kichwa chake kwa msusi mgonjwa?

Hatimaye Lornah aliweka mikono kiunoni.

"Mama Norman, niambie ukweli. Tangu lini nyusi zangu zinanuka?"

"Hazinuki."

"Basi umepata marafiki matajiri wa kule Westlands, sisi wa mashambani hatukufai tena!"

Alisema kwa utani, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Akageuka, akaanza kufagia palipokwisha kufagiwa.

Mwihaki alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine.

"Lornah, wacha ufagio. Nina homa ya ini, B na C. Tumenyoana kwa wembe mmoja, nami nikajua kuhusu C nikanyamaza. Sikukukimbia wewe. Naogopa nimekuumiza. Tafadhali, dada yangu, twende ukapimwe. Twende sasa."