Unyayo wa Mama Kwenye Kigae

Tasiana ana miaka sita. Anaishi na bibi yake milimani Mbinga, kwenye nyumba yenye sakafu nyekundu.

Sakafu hiyo ni ya vigae vya udongo. Babu alivifinyanga, akavichoma tanurini, akavipanga kimoja kimoja.

Kigae kimoja, karibu na mlango wa jikoni, kina unyayo. Unyayo mdogo, wenye vidole vitano.

"Ni wa mama yako," Bibi alimwambia. "Alikuwa na miaka sita. Alikanyaga kigae kikiwa bado kibichi. Babu yako akasema, kiacheni, nitakichoma hivyo hivyo."

Mama alifariki mwaka jana. Tasiana anamkumbuka kila siku.

Kila jioni Tasiana huchuchumaa mbele ya kigae. Huhesabu vidole.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.
Mama, lala salama.

Na kila asubuhi Tasiana hukisafisha kigae. Hukisugua kwa gunzi na mchanga, kama sufuria. Kwaru, kwaru, kwaru.

Jioni moja Tasiana alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

Akahesabu tena. Moja, mbili, tatu, nne.

Kidole kidogo hakikuwepo. Tasiana akaogopa sana.

Akamwendea Bibi. "Bibi," akasema, "mama anafutika."

Bibi akaja na taa. Akakipapasa kigae. Akaliona gunzi, akauona mchanga.

"Umekuwa ukikisugua, mjukuu wangu?"

"Kila asubuhi, Bibi. Nilitaka mama awe safi."

Bibi akakaa chini, pale pale sakafuni. Hakugomba.

"Kosa ni langu," akasema. "Babu yako aliipaka sakafu hii nta kila mwaka. Tangu aondoke, mimi sijaipaka."

Bibi akachovya kidole kwenye kikombe cha maji. Tone likadondoka juu ya kigae. Ti.

Tone likazama. Likaisha.

"Umeona?" akasema Bibi. "Sakafu ina kiu. Haina kitu cha kuilinda."

Kesho yake waliiosha sakafu kwa maji safi na kitambaa laini. Gunzi likatupwa jalalani.

Kisha wakangoja ikauke. Siku ya kwanza. Siku ya pili.

"Bado, Bibi?"

"Bado. Maji yamejificha ndani."

Siku ya tatu Bibi akayeyusha nta ya nyuki, akaichanganya na mafuta. Nyumba nzima ikanukia asali.

Wakapaka nyembamba, nyembamba. Bibi akapaka vigae vyote. Kile chenye unyayo akamwachia Tasiana.

"Sasa mtu asikanyage mpaka kesho," akasema Bibi.

Jioni ile Tasiana alisimama mlangoni. Hakuweza kukifikia kigae. Alihesabu akiwa mbali.

Moja, mbili, tatu, nne.
Mama, lala salama.

Kesho yake wakang'arisha kwa kipande cha blanketi. Swaa, swaa, swaa. Sakafu ikawa nyekundu kama zamani.

Tasiana akachovya kidole kwenye kikombe. Tone likadondoka. Ti.

Tone likakaa. Duara, dogo, juu ya kigae.

"Haina kiu tena," akasema Tasiana.

Jioni ikaingia. Tasiana akachuchumaa, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

"Bibi, cha tano hakijarudi."

"Hakitarudi, mjukuu wangu," akasema Bibi taratibu. "Lakini hivi vinne havitaondoka. Kila mwaka tutapaka nta, mimi na wewe."

Tasiana akakitazama kigae. Iliuma.

Kisha akavua kandambili. Akainua mguu wake wa kulia, akauweka polepole juu ya unyayo wa mama.

Ukaenea. Kisigino kwenye kisigino, kidole kwenye kidole.

Tasiana akainama, akahesabu.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Akakigusa kidole chake kidogo cha mwisho.

"Tano," akasema. "Bibi, cha tano ninacho mimi."

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Akamshika mkono, wakasimama pale pamoja kidogo.

"Mama, lala salama," akasema Tasiana.

Akaenda kitandani, akalala.