Mguu wa Baba Eddie

Kitendawili. Kadiri unavyompa kinywaji, ndivyo kiu yake inavyozidi. Ni nani? Ni mlevi. Tabby wa mtaa wa Landless, Thika, hakuhitaji kupewa mji ili aambiwe jibu. Alikuwa ameishi nalo nyumbani. Mumewe Bedan alilewa kila Jumamosi, hata watoto wakajificha wakisikia kikohozi chake langoni.

Kisha Bedan akaacha. Okello, mwenzake wa kiwandani, alimwalika kukimbia. Hizo hazikuwa mbio za kitoto. Zilikuwa ultramarathoni, mbio zinazopita marathoni kwa urefu. Kila Jumamosi alfajiri kikundi kilitoka Thika, kikapita mashamba ya kahawa hadi Ruiru, kikarudi. Bedan alifika nyumbani hoi, akala, akalala. Pombe haikupata nafasi.

Tabby akaanza kuipenda Jumamosi. Alimwoshea mumewe viatu na kumfungia viazi vitamu vya njiani.

Siku moja Bedan aliamka akichechemea.

"Mama Eddie, mguu unaniuma hapa," alisema, akigusa mfupa wa mbele, chini ya goti. "Leo wacha nikae."

Tabby aliikumbuka baa ya pale kona.

"Ukae ufanye nini? Mwili utapata moto ukishaanza. Vaa viatu."

Akamchua kwa dawa, akampa tembe za maumivu. Bedan akaenda. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Mguu ukavimba.

Jirani yao Jentrix alikuwa akifanya kazi zahanatini, akiwasaidia watu walioumia miguu na mgongo. Alimwona Bedan akipanda ngazi kwa shida, akamfuata ndani. Alibonyeza ule mfupa kwa kidole kimoja. Bedan akauma meno.

"Unauma hata ukiwa umelala?"

"Unauma."

"Na bado unakimbia? Nani anakutuma?"

Tabby akatazama sakafu.

"Ni mimi," akasema. "Jentrix, huyu asipokimbia atakunywa. Heri aumie mguu."

Jentrix hakumgombeza. Alivuta kiti.

"Mama Eddie, misuli ikichoka huuma huku na huku. Lakini mfupa ukiuma mahali pamoja, huenda umepata ufa. Tembe zinaficha tu. Akiendelea, utavunjika kabisa. Kesho akapigwe picha hospitalini. Na wewe Baba Eddie, niambie. Huko njiani, unapenda nini hasa?"

Bedan akafikiri.

"Okello hututegea vitendawili. Ukishindwa kujibu kwa kuhema, anasema unakimbia kasi sana, punguza. Kwa mlima tunatembea. Ikifika kilomita ya thelathini kila mtu anataka kuacha, lakini mmoja akikwama tunamngoja. Mimi nilikuwa sijawahi kungojwa na mtu."

"Basi kilichokushika ni hao watu," Jentrix akasema. "Mguu upumzike. Watu usiwaache."

Picha ilionyesha ufa mdogo.

Jumamosi ikafika. Bedan aliketi kitandani, mikono magotini. Tabby alipika chai ambayo hakuna aliyeinywa. Halafu Okello akatokea na bodaboda.

"Baba Eddie, panda. Leo wewe ni wa meza ya chakula na matunda pale njiani, Theta. Watu watafika na njaa."

Tabby alishinda akiangalia lango. Jioni mumewe alipoingia, alimnusa kwanza. Alinukia machungwa.

"Karanja wa kikundi chetu alifika akilia," Bedan alisema, sauti imekauka kwa maneno. "Nikamkalisha, nikampa uji na viazi vya chumvi. Nikamwambia atembee kwanza mpaka kona ya mbele. Alimaliza, unajua?"

Akala, akalala.

Hivyo ndivyo Jumamosi zilivyopita mpaka mfupa ukapona. Jentrix alimwanzisha na kutembea, kisha kukimbia kidogo, akiongeza polepole. Siku ya kupumzika ikawa ya kupumzika, na Tabby ndiye aliyekuwa askari wake.

Mwaka uliofuata Bedan alimaliza mbio za kilomita hamsini, karibu wa mwisho. Kesho yake, Jumapili, mapaja yalikuwa yamekaza. Alishuka ngazi kinyumenyume, akikumbatia ukuta.

Wamboi wa dukani akamvuta Tabby kando.

"Pole, Mama Eddie. Kwani ameirudia pombe?"

Tabby alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi.

"Ni kilomita hamsini hizo, Wamboi. Shika mkono ule mwingine tumfikishe kanisani."