Vumbi la Kochi Kuukuu

Kila alipotoka shule, Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake, fundi makochi. Aliweka mkoba juu ya kabati, akashika ufagio. Jina hilo la utani alipewa na baba kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alisimulia ya shule huku akifagia, na baba akiitikia "Enhe!" misumari midogo ameibana midomoni.

Jioni moja baba hakuitikia. Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kochi, anatetemeka.

"Baba, unaumwa?"

"Mgongo, mwanangu. Na kichwa. Nitapoa tu."

Hakupoa. Homa ilimshika siku kadhaa, na ilipomwachia alibaki mchovu, hana hata hamu ya kula. Mama akampeleka hospitali. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alimpima damu, kisha akakunja uso.

"Vimeng'enya vya ini viko juu," alisema. "Ini likiumia, huvimwaga kwenye damu. Nimetafuta virusi vya homa ya ini, havipo. Malaria hakuna. Unakunywa pombe?"

"Sijawahi hata kuonja."

"Dawa za mitishamba, je?"

"Hapana."

"Basi kwa sasa sijui. Urudi wiki ijayo tupime tena."

Mama aliduwaa. Tangu lini daktari akawa hajui? Jirani yao aliposikia habari hizo, alicheka puani. "Ini haliharibiki hivi hivi, mama Chiriku. Muulize mumeo vizuri."

Maneno yale yalimganda Chiriku kichwani. Kesho yake, chini ya meza ya kushonea, aliona chupa isiyo na kibandiko. Akaifungua, akanusa. Harufu kali ilimpanda puani mpaka machozi yakamtoka. Akaimwaga yote mtaroni, akakimbia kumwambia mama. Mama aliketi kitandani, akashika tama. Tangu hapo, nyumbani maneno yakawa ya mkato: chakula tayari, mlango ufungwe, basi.

"Nani amechukua spiriti yangu ya kusafishia mbao?" baba aliuliza asubuhi moja.

Chiriku akainama kufunga viatu vya shule. Ilikuwa spiriti kweli, au baba alikuwa anajitetea? Alitaka kumwamini, akashindwa. Alitaka kumshuku, akashindwa pia.

Siku ya kurudi hospitali ilikuwa Jumamosi, wakaenda wote watatu. Vimeng'enya bado vilikuwa juu, na figo nazo zilikuwa zimeguswa kidogo.

"Nieleze kazi yako vizuri," daktari alimwambia baba.

"Nashona makochi."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

Chiriku hakuweza kuvumilia. "Hashoni tu, daktari! Kwanza anayapasua yale makuukuu. Vumbi linatoka, tunapiga chafya! Moja lilikuwa na kiota cha panya na mavi yao tele. Vitoto vyekundu viliniangukia miguuni, nikapiga kelele mpaka wapita njia wakaja! Baba akanitoa nje, akafagia mwenyewe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hilo lilitokea kabla ya homa?"

"Wiki mbili tatu kabla," alijibu baba. "Sikudhani panya ni habari ya kumwambia daktari."

"Ni habari kubwa. Kuna virusi viitwavyo hanta. Vinakaa kwenye mkojo, mavi na mate ya panya. Yakikauka yakainuka na vumbi, mtu huvivuta. Tumezoea kuvitafuta figo au mapafu yanapougua, lakini ini nalo huguswa. Ila nisiseme sana kabla ya maabara kuu kuipima damu yako."

Majibu yalipokuja, kweli, damu ya baba ilionyesha kuwa mwili wake ulikuwa umepambana na virusi vya hanta. Hakukuwa na dawa ya kuviua. Alitakiwa kupumzika na kupimwa mara kwa mara. Chiriku naye alipimwa, akakutwa mzima. Polepole vimeng'enya vya baba vikashuka.

"Msifagie mavi ya panya yakiwa makavu," daktari aliwaonya. "Fungueni milango, vaeni glavu na barakoa, nyunyizieni maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Yakilowa vizuri, ndipo mfute."

Walipotoka getini, Chiriku akasimama. "Baba, ile spiriti niliimwaga mimi. Nilidhani..."

"Hata mimi nilidhani hivyo hivyo," mama alisema, macho chini. "Nisamehe, baba Chiriku."

Baba aliwageukia. "Mmeniumiza, lakini yamekwisha," alisema. "Daktari naye hakujua. Alikiri hajui, akaendelea kuuliza. Nyinyi mlipokuwa hamjui, mkajijibu wenyewe. Mwanangu, ukichanganyikiwa, uliza. Nilikuwa pale pale. Ningekujibu."

Akamshika mkono, mama akaushika ule wa pili, wakavuka barabara.