Sikio la Tembo Lililoogeshwa Kama Mtoto

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani yake, mshonaji alimpelekea mama mkwe wake chai. Mama mkwe hakupenda kunywa chai ndani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, amejifunga shali mbili, akiutazama mmea wake. Mshonaji alimpa kikombe, wakasalimiana, kisha wote wawili wakautazama mmea. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Mmea uliwasaidia kuzungumza.

"Leo umefungua jani jipya," mmoja angesema.

"Tena kubwa kuliko sinia," angejibu mwingine.

Asubuhi hiyo mshonaji alifungua mlango, akabaki na kikombe mkononi. Mama mkwe hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama bustanini, viatu vyake vimelowa. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, ule umande unaoganda usiku wa baridi kali. Na ule mmea, ambao jani lake moja lingeweza kumkinga mtu na mvua, ulikuwa mweusi. Majani yalikuwa yamelala chini kama mboga iliyochemka kupita kiasi.

"Umekufa," alisema mama mkwe.

Mmea huo ni wa jamii ya magimbi, lakini hupandwa kwa urembo tu. Kwa ukubwa wa majani yake, watu huuita sikio la tembo. Mama mkwe alikuja na kiazi chake mwaka huohuo, amekifunga ndani ya kanga. Alikuwa amefiwa na mumewe, na mwanawe akamwita aje kuishi nao huku kwenye baridi. Siku aliyofika alikitoa kiazi, akacheka, akasema, "Hiki kikishika, nami nimeshika. Kikikataa, mtanifungashia mizigo yangu."

Wote walicheka. Lakini mshonaji hakulisahau neno lile. Yeye alilelewa na shangazi. Katika maisha yake hakuwahi kuwa na mtu wa kumwita "Mama" kila asubuhi, na sasa alikuwa naye.

"Tuuchimbue, Mama," alisema. "Labda kiazi bado kizima."

Walichimba. Kiazi kilitoka kikubwa kama kichwa cha mtoto, kimejaa udongo baridi. Mama mkwe alikipakata.

"Maskini, kimeganda," alisema. "Lete maji ya vuguvugu."

Wakakiogesha kwenye beseni. Wakakifunga kwenye taulo lililolowa, juu yake mfuko wa nailoni, juu yake blanketi dogo. Kisha wakakilaza jikoni, karibu kabisa na jiko. Mama mkwe alikuwa amelea watoto watano. Alijua namna ya kumtunza mtu aliyepigwa na baridi.

Mumewe mshonaji, mwoka mikate, alirudi kutoka kazini na unga kwenye nyusi. Akalitazama blanketi.

"Mdogo wangu anaumwa?" aliuliza. Aliuita mmea "mdogo wangu", kwa sababu alidai mama yake anaupenda kuliko yeye.

"Usitanie," mkewe alimwambia kwa sauti ya chini.

"Sitanii. Nasikitika tu. Mimi nilipougua tetekuwanga sikufungwa blanketi zuri hivi."

Mama mkwe alitabasamu kidogo. Kila asubuhi na jioni aliongeza maji kwenye taulo.

Baada ya siku chache, jiko lilianza kunuka. Kila mtu alisikia harufu, na kila mtu akajifanya haisikii. Kisha mshonaji akamkuta mama mkwe chumbani, amelishusha begi lake kutoka juu ya kabati. Alikuwa analifuta vumbi.

"Unatafuta kitu, Mama?"

"Hapana, mwanangu. Naliangalia tu kama zipu bado inafunga." Hakumtazama usoni. "Binti yangu kule kwenye joto ana nafasi. Ninyi wawili mna kazi nyingi. Na kama kitu cha kwetu hakiwezi baridi ya huku, hakiwezi."

Mshonaji alitaka kusema jambo. Badala yake akasema, "Chai iko tayari," akatoka.

Mchana ule alikuja jirani kupimwa gauni. Wateja walimwita Mama Kitalu, maana aliuza miche na maua. Alisimama juu ya kigoda, gauni limejaa pini, mikono ameitanua.

"Jirani," alisema, "usinichome, lakini kuna kitu kinaoza humu ndani."

Mshonaji aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Akamweleza yote: jalidi, beseni, taulo, blanketi.

"Kilete nikione."

"Lakini una pini, dada."

"Kwani nitakitazama kwa gauni? Kilete!"

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekileta, amekipakata vilevile. Mama Kitalu alikifungua, akakunja pua. Akakibonyeza kwa kidole huku na huku. Upande mmoja kidole kilizama. Akabonyeza upande wa pili. Akabonyeza tena.

"Mama, kingine chote kigumu," alisema. "Hakijafa hiki."

"Majani yote yamekuwa meusi, mwanangu."

"Jalidi imeua majani tu. Uhai wa mmea huu uko kwenye kiazi. Kinachokiua sasa ni haya maji na huu mfuko. Mmemtunza kama mtoto mchanga, na yeye si mtoto. Ni mzee anayetaka kulala, na nyinyi mnamwogesha kila saa!"

Kisha mama mkwe akacheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Mshonaji naye akacheka, na Mama Kitalu akapiga kelele, "Msinichekeshe, pini zinanichoma!"

Alipovuliwa gauni, walikaa mezani. Mama Kitalu aliomba kisu kilichooshwa kwa maji ya moto, na glavu.

"Utomvu wake unawasha," alieleza. "Na usimruhusu mtoto autie mdomoni, wala jani wala kiazi. Huu si wa kula."

Alikata sehemu yote iliyooza, hadi akafika kwenye nyama nyeupe, safi. Akapaka majivu makavu kwenye kidonda.

"Sasa kikauke. Kiwekeni kivulini, penye hewa, bila kukifunika. Kidonda kikishakuwa kikavu, kitieni kwenye boksi lenye maranda, zile takataka za randa ya seremala. Zisiwe mbichi. Boksi likae gizani, mahali pa ubaridi lakini pasipoganda. Si karibu na jiko."

"Chini ya meza yangu ya kukatia nguo?" aliuliza mshonaji. "Chumba kile hakina moto."

"Hapohapo. Halafu kiacheni. Mara mojamoja mkifunue mkikague. Sehemu ikilainika, ikateni. Maji, hata tone, hapana."

"Miezi yote hiyo bila maji?" Mama mkwe hakuamini. "Kwetu tunakiacha ardhini mwaka mzima."

"Kwenu udongo haugandi, Mama. Huku lazima tukitoe mapema, kabla baridi haijafika chini. Mwaka huu mlichelewa kidogo tu. Jalidi ya kwanza ikiunguza majani, kata mashina, chimbua."

Jioni ile mshonaji alisema, "Mama, tusubiri kwanza tuone kama kitaota." Mama mkwe alimtazama, akalirudisha begi juu ya kabati. Hakulifungua, hakulitaja.

Wakati wa baridi ulikuwa mrefu. Mshonaji alikata nguo, na miguu yake iligusa boksi. Wakati mwingine mama mkwe aliingia, akainama, akafunua maranda, akabonyeza. "Kigumu," alisema, akaenda zake. Mshonaji alishusha pumzi kila mara.

Baridi ilipoanza kupungua, Mama Kitalu aliwaelekeza tena. Wakakipanda kwenye chungu chenye tundu chini, kwa udongo mwepesi uliochanganywa na mboji, upande wa kuchipua ukitazama juu. Chungu kikakaa ndani, dirishani penye jua. Walikitia maji kidogo tu, mpaka ncha ya kijani ilipochungulia. Mwoka mikate ndiye aliyeiona kwanza.

"Mdogo wangu kaamka!" alipaza sauti, na wanawake wawili wakagongana mlangoni.

Hawakuutoa nje kwa pupa. Walingoja usiku wa jalidi uishe kabisa. Kwanza waliutoa saa chache za mchana, wakaurudisha ndani jioni. Kisha wakaupanda pembeni mwa ukuta, mahali ambapo upepo haukuweza kuyachana majani, wakautia samadi iliyooza vizuri. Sasa ulipokunywa, ulikunywa kweli. Udongo haukuachwa ukauke. Na kila jani lilizidi lililotangulia.

Asubuhi moja mama mkwe alisimama chini ya jani, akapotea kabisa isipokuwa miguu. Sauti yake ilitoka kule chini.

"Basi, mwanangu. Umejua kuchimbua, umejua kulaza, umejua kuamsha. Hata nisipokuwepo, utauweza."

Mshonaji aliweka kikombe cha chai kwenye ngazi, akainua jani kwa mikono miwili, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama, mimi sikuwa nahangaikia mmea," alisema. "Nilikuwa naogopa utaondoka. Usiende popote. Nataka ukae na sisi."