Mtu Asiyeliogopa Bomu la Pili

Bomu lililipuka saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika maegesho ya makao ya polisi, ndani ya gari la mkuu mpya wa kikosi cha mabomu. Mwenyewe alikuwa mkutanini. Dereva wake, aliyekuwa akifuta vioo, aliondolewa na wenzake akiwa hai, ila daktari alisema jicho moja halitaona tena.

Mpelelezi alifika saa nne na nusu. Utepe ulikwisha zungushwa, na askari wa zamu alikuwa akiandika daftarini kila anayeingia na saa yake. Mpelelezi na Mkuu walisoma chuo kimoja. Siku mwanamke yule alipopandishwa cheo, Mpelelezi alimpongeza kwa meno yote thelathini na mawili, kisha akaenda nyumbani akakosa usingizi. Wivu alikuwa akiujua kwa jina la ukoo.

Kabla ya saa sita mshukiwa alikuwa amepatikana: mume wa Mkuu, mchomeleaji vyuma, aliyekuwa ametengana naye. Jana yake alisimama getini akapiga kelele kwamba gari lile atalichoma moto.

"Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, afande. Mdomo wangu hauna breki."

"Kisa?"

"Wivu tu." Mchomeleaji alitazama mikono yake iliyojaa makovu ya cheche. "Kutwa yuko na wanaume wanampigia saluti. Mimi hata salamu sipati. Lakini bomu? Na dereva yule ni mpwa wangu! Yeye ndiye anayeniletea habari za mke wangu. Nimlipue mtoto wa dada yangu?"

Maelezo yalikuwa ya aibu mno, hayangeweza kuwa ya uongo. Lakini simu ilitoka juu: hadi saa kumi jioni mchomeleaji awe ameshtakiwa.

Mpelelezi akarudi kwenye daftari la utepe. Wa kwanza kuingia, saa nne na dakika thelathini na nane, alikuwa fundi mkongwe wa mabomu, mume wa dada yake Mpelelezi. Mbwa wa kunusa mabomu alimaliza kazi saa tano na robo, ndipo wengine wakaruhusiwa.

"Alikuwa amevaa vazi la kinga?" alimuuliza askari wa zamu.

"Wapi, afande! Shati tu. Alituambia turudi nyuma, huenda kuna la pili. Halafu yeye akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari kuokota vipande, kama anakwenda dukani. Mwanamume yule!"

Kila mtu alikuwa akimsifu. Mpelelezi aliusoma tena mstari ule wa daftari. Fundi huyo huyo ndiye aliyewafundisha wote: bomu la kwanza huita watu, la pili huwasubiri, hata kama mama yako yuko pale, vaa kwanza. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuivunja kanuni hiyo. Na vipande huokotwa kuanzia pembeni kuelekea kati, si kinyume chake.

Alimkuta karakanani, akisafisha koleo.

"Shemeji, ulijuaje kwamba hakuna la pili?"

Fundi alicheka. "Uzoefu."

"Uzoefu ndio unaokuvalisha vazi la kinga."

Kicheko kilikatika. Mpelelezi aliomba begi la Fundi lifunguliwe mbele ya askari wawili. Ndani, kwenye kitambaa, kulikuwa na kipande cha waya kilichoungua, bado kina alama ya stoo ya mafunzo. Ufunguo wa stoo hiyo alikuwa nao Fundi peke yake.

"Nilimfundisha mimi," Fundi alisema. "Alikuja hajui kushika koleo. Leo nisimame nimwite mkuu? Nilitaka gari liungue tu, waone hawezi kulinda hata lake. Dereva hakutakiwa kuwapo."

"Lakini alikuwapo. Na mchomeleaji wa watu yuko rumande."

"Wewe unanielewa. Siku ya sherehe ya cheo chake niliuona uso wako."

Alimwelewa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. "Mimi nilikosa usingizi, shemeji. Basi." Akawaashiria askari wamfunge pingu.

Simu yake ikaita. Alikuwa dada yake.

"Kaka, nasikia kuna bomu huko. Mume wangu hapokei simu. Ni mzima?"

"Ni mzima," alisema Mpelelezi. "Kaa kitini kwanza, dada."