Chesisi Isiyo na Matundu

Sumaku ilinata mlangoni mwa gari, ikanata kwenye boneti, ikanata hata chini kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mahali ambapo magari ya namna ile huoza kwanza na wauzaji hupaka puti ya kuzibia na rangi kumfumba mnunuzi macho. Mama Kibonge ndiye aliyeishika. Ilikuwa sumaku ya kubandika kwenye friji, yenye umbo la nanasi, na mumewe alimwambia apite nayo bodi nzima, taratibu: ikianguka, ujue chini ya rangi hakuna chuma, kuna uongo.

Haikuanguka. Ila alipoinama kuipeleka kwenye chesisi, ile mihimili miwili minene iliyobeba gari zima, sumaku ilimponyoka vidoleni ikaruka yenyewe. Alipoibandua ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai, na gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi.

Akainua macho amwambie mwenye gari. Mzee yule alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anamtazama Kibonge, aliyelala mgongoni, mashavu yake yaliyompa lile jina yamebanwa kwenye bega la mamake.

"Ana miezi mingapi?"

"Tisa, mzee wangu."

"Haya," mzee akasema, akageuka pembeni.

Uvunguni mwa gari walikuwa wamelala watu wawili: Baba Kibonge, fundi wa pampu za maji, na rafiki yake mchomeleaji ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Tochi ilikuwa kwa Cheche, na maneno pia.

"Mzee, chesisi yako haina tundu hata moja. Kila chesisi ina matundu ya kutolea maji, hii imezibwa yote kwa weldingi. Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini sasa? Hata mtu ukimziba chini anakufa."

Mzee hakucheka. "Liendesheni hivyohivyo. Litawafikisha popote. Ila hayo msiyafungue."

Baba Kibonge akatoka uvunguni, akamvuta mkewe kando. Macho yalikuwa yanamng'aa, na mwanamke yule alikuwa anayajua macho hayo, ndiyo aliyoolewa nayo.

"Umeona ujanja? Kaziba ili unga wa kutu usimwagike mbele yetu. Anaogopa tutashusha bei."

"Basi tuliache."

"Tuliache nibebe pampu kichwani? Kule milimani bila gari la kupanda hufiki, na la kukodi linakula faida yote. Nimegonga kwa spana, linalia kama kengele. Chuma kizima. Maji tutayatoa nyumbani."

Na alichosema kilikuwa kweli, hilo ndilo la kusikitisha. Kila anayejua magari yale atakwambia kwamba maji yaliyofungiwa ndani ya chesisi ndiyo yanayoila, na kwamba kazi ya kwanza baada ya kununua ni kuyafungua matundu. Walifanya sawasawa na wanavyofanya wanaojua.

Cheche alikuja Jumamosi na drili. Mama Kibonge alikuwa anaanika nguo uani, mtoto yuko mkekani anapigana na kijiko cha mbao. Drili ililia, ikalia, ikatumbukia. Kwanza ilitoka pumzi. Ndefu, ya uvuguvugu, kama mtu aliyebanwa kwenye kiti cha katikati safari nzima akashushwa. Kisha yakaja maji mekundu, mazito.

"Haya yako humu tangu zama za Nuhu," Cheche alisema, lakini alirudi nyuma hatua moja.

Harufu ilijaa ua. Misumari iliyolowa. Ulimi wa Mama Kibonge ukawa kama umenyonya ufunguo. Maji yalitambaa kwenye sakafu ya saruji, na ua ule una mteremko wa kwenda kwenye mfereji, maji ya kufulia siku zote huelekea huko, ila haya yalipanda, yakazunguka beseni, yakafika ukingoni mwa mkeka na kugusa unyayo wa Kibonge kabla mama hajadondosha shuka aliyoishika na kumnyakua. Alimwosha mguu kwa sabuni, akausugua mpaka mtoto akalia. Doa la ukubwa wa punje ya kunde halikutoka.

"Kutu tu hiyo," mumewe akasema. "Itaisha."

Gari lilipanda milima kama mbuzi. Baba Kibonge aliondoka na pampu, akarudi anaimba, akaondoka tena. Nyumbani vitu vikaanza kuoza. Pini ya nepi ilikatika mkononi mwa Mama Kibonge kama njiti. Bawaba ya mlango wa jikoni ikabaki unga. Nondo za dirisha la chumba cha mtoto, zilizopakwa rangi mwaka ule ule, zikaota magamba mekundu.

"Unyevu," alisema Baba Kibonge.

"Unyevu wa wapi, na mvua haijanyesha?"

Akaomba chai.

Kisha ikaja sauti. Haikungoja giza. Ilikuja mchana, saa ambazo watoto wakubwa wako shule na mtaa umetulia, naye amekaa peke yake na mwanawe: mtu anatafuna mkaa. Taratibu, bila haraka, mtu mwenye meno mazuri na chakula cha kutosha. Siku ya kwanza ilitokea kwenye gari, siku ya pili dirishani, na siku iliyofuata ikatokea kwenye kitanda cha mtoto, kile cha mabomba ya chuma walichopewa na mama mkwe, na alipofika mbio mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umelika mpaka umekonda kama wembe, Kibonge kainama upande, anatazama chini kana kwamba kuna mtu anacheza naye.

Mama Kibonge alisoma mpaka kidato cha nne, na hakuwa mjinga. Aliona kwamba hilo linalotafuna linataka chuma, akaona atalinyima. Siku ile ile alikitoa kitanda, akatoa ndoo, sindano, mkasi, cherehani, akang'oa hata msumari wa kutundikia picha ya harusi. Mumewe aliporudi akazing'oa nondo. Mtoto akalazwa kwenye godoro sakafuni, katika chumba ambacho hakikubaki na chuma hata cha kutobolea sikio.

Alijiona amelishinda. Sauti ilikoma kweli. Alilala kama aliyekufa, akaamka na moyo mwepesi, akaenda kumtazama mwanawe, akakuta Kibonge hana rangi.

Kwenye zahanati, muuguzi alimvuta mtoto kope ya chini, akamtazama mama kama mtu anayetaka kugomba kisha akaghairi.

"Damu imekwisha, dada. Unampa nini huyu?"

"Kila kitu. Na ananyonya."

"Hana madini ya chuma kabisa." Akampa chupa ya dawa nyeusi ya maji, ya kuongeza chuma.

Chuma. Neno lilimgonga mlangoni akiwa anatoka, lakini hakulielewa mpaka alipofika nyumbani, akampa mtoto kijiko cha kwanza, akakaa naye mapajani akingoja, na sauti ikarudi, ile ile ya mkaa, ila sasa ya mlafi aliyeletewa nyongeza, na haikutoka dirishani wala uani, ilitoka mapajani pake, chini ya fulana ndogo ya njano, ndani ya kifua ambacho alikuwa amekipaka mafuta asubuhi ile, na ndipo alipomkumbuka mwalimu wa biolojia na chaki yake, damu ni nyekundu kwa sababu ina chuma, jambo alilolikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau siku ya pili, na akaelewa kwamba alikuwa ametoa chuma chote chumbani isipokuwa hiki, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ndiye aliyelionyesha.

Mumewe alimpigia mzee aliyewauzia. Simu iliita mpaka ikataka kukatika.

"Mmefungua," mzee akasema. Hakuuliza.

"Mzee, mtoto anakufa."

"Niliwaambia."

"Ulituambia tusifungue, hukutuambia kuna nini."

"Ningewaambia mngenunua? Nilikuwa na wajukuu wawili. Sasa ninaye mmoja. Liliingia humo lenyewe kwa kuwa chuma kilikuwa kingi, nikaziba. Jaribuni hivyo. Nisameheni." Simu ikakatika, na haikupokelewa tena.

Mganga aliletwa na Cheche. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na kabla ya kuvuka kizingiti alivua mkanda wenye kifungo cha chuma, akavua saa, akavua miwani, akaviacha nje. Alimfunua Kibonge unyayo, akalitazama doa. Lilikuwa limefika kwenye goti.

"Halina chuki na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Lina njaa. Hili halifukuzwi, linahamishwa. Mpelekeni kwenye gari."

Wakamlaza mtoto kwenye kiti cha nyuma. Ilikuwa alasiri, majirani wamefunga milango yao bila kuambiwa. Mganga alisoma kwa kunong'ona, kiganja chake juu ya tumbo la mtoto, na Mama Kibonge aliisikia ile sauti ikishuka, ikiacha kifua, ikipita chini ya kiti, ikiingia kwenye mhimili. Kibonge akavuta pumzi kama anayetoka majini.

"Sasa," mganga akasema.

Cheche alikuwa ameshalala uvunguni, kioo cha kuchomelea usoni, tayari kuliziba tundu. Mwanga ukawaka, ukazima. Ukawaka tena. Akasikika akitukana polepole.

"Cheche?" Baba Kibonge akainama.

"Weldingi haishiki. Nikigusa chuma kinayeyuka, tundu linazidi kuwa kubwa. Hiki si chuma tena, ni karatasi. Limeshakila chote, ndugu yangu, limebakiza ganda la kusimamia."

Na wakati anasema hayo midomo ya Kibonge ilikuwa inageuka nyeupe tena, na sauti inapanda.

"Tutafute gari jingine," Baba Kibonge alisema. "La jirani. Lolote."

"Mtoto hana muda huo," mganga akamjibu.

Mama Kibonge hakulia. Alikuwa ameshika mguu wa mwanawe, baridi, mwepesi kama wa kuku.

"Mtu mzima ana chuma kiasi gani?" aliuliza.

Mganga akajibu: "Kidogo. Lakini cha mtu kinarudi. Anakula, kinarudi. Cha gari kikiisha kimekwisha. Ndiyo sababu likimpata mtu mzima haliondoki upesi. Hukaa."

"Lije kwangu," Baba Kibonge akasema haraka. "Mimi ndiye niliyelinunua."

"Halina njia ya kuja kwako, baba. Njia iliyopo ni ya mama na mwana, na inapitika pande zote mbili. Litakuja kwa titi." Akamgeukia mwanamke. "Likishavuka, hutamnyonyesha tena, litarudi kwake. Sikwambii wiki wala mwezi. Huyu wala mwingine utakayemzaa."

Mama Kibonge alikuwa ameshaanza kufungua vifungo.

Kibonge alishika titi kwa shida, hana nguvu ya kuvuta. Mama akamfinya shavu, akamnong'oneza maneno ambayo mumewe aligeuka asiyasikie, na mtoto akavuta mara moja, na mara ya pili, na katika ile ya tatu mama alihisi kitu kikivuta upande wake, kigumu, chenye punje punje, kikipanda kutoka kwenye midomo midogo ile na kuingia chini ya ngozi, kikitambaa ubavuni kama msasa, kikisita penye moyo na kuugusa kila upande jinsi mteja anavyogonga bodi ya gari kabla ya kukubali bei, kisha kikatulia. Ladha ya ufunguo ikajaa mdomoni mwake.

Mganga alimtoa mtoto mikononi mwake papo hapo. Hakumwacha hata ambusu.

Mashavu ya Kibonge yalirudi. Cheche alilikata gari vipande akavizika, hakutaka hata skrubu. Mama Kibonge alikuwa anakula maini, mboga za majani, dawa nyeusi ya chupa, anashiba na kukonda. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi, na jasho lake liliacha madoa mekundu kwenye mto.

Tatizo lilikuwa Kibonge. Alikataa maziwa ya kikombe. Alikuwa anamtaka mamake, na sasa alikuwa na nguvu za kumtaka, analia kwa kifua kizima, anapiga mlango wa chumba kwa viganja viwili huku babake akimbembeleza kwa nyimbo alizokosea maneno.

"Mama hayupo. Mama amekwenda sokoni. Twende tukaone kuku."

Mama alikuwa ameketi ndani, sakafuni, mgongo kwenye mlango huo huo, anakisikiliza kile kilio na kukishukuru. Wiki iliyopita mtoto yule hakuwa na damu ya kulilia. Kila pigo la kiganja lilimfikia mgongoni. Ndani yake, chini ya mbavu, mtafunaji alikuwa amenyamaza, naye akadhani limelala. Kisha akaona halijalala. Linasikiliza.

Akatazama chini. Kifungo cha kwanza cha blauzi kilikuwa wazi. Mkono uliokuwa ukifungua cha pili ulikuwa wake.

Aliukamata kwa mkono mwingine, akaukalia.

"Baba Kibonge," aliita kwa sauti ya chini, ili mtoto asiitambue.

"Naam?"

"Mtoe mtoto hapo. Kisha ufunge mlango huu kwa nje. Usitumie komeo, hilo ni la chuma, halitafika asubuhi. Weka ubao."

Upande wa pili alisikia mtoto akiinuliwa, na ubao ukiburutwa.

"Na ukinisikia nakuomba ufungue," alisema, "hata nikilia, hata nikikuita kwa lile jina la uchumba wetu, usifungue."